Mapunye hayaponi kwa kupaka: jibu kwa mama wa watoto wawili

Swali: Daktari, habari za kazi. Nina watoto wawili. Mkubwa ni wa kiume, ana miaka 5 na kilo 16. Tangu aanze chekechea ametoka mabaka matatu ya mviringo kichwani, yana unga mweupe na nywele zimekatika, usiku anajikuna. Nimempaka dawa ya tyubu ya dukani wiki 5. Inatulia, kisha inarudi kubwa zaidi. Mdogo wake wa kike ana miezi 3, naye ameota magamba ya njano utosini. Mama mkwe anasema kaambukizwa na kaka yake, anataka tuwanyoe wote na kuwapaka kitunguu saumu. Jirani anasema maji ya betri ndiyo yanayomaliza. Mwalimu kanirudishia mtoto nyumbani mpaka apone. Nifanye nini, na je, nywele zitarudi? — Mama wa wawili, Morogoro.

Jibu: Dada, nianze na hilo la betri kwa sababu haliwezi kungoja. Usithubutu. Maji ya betri ni tindikali, yanaunguza ngozi, na ngozi ya kichwa ikishaungua mpaka kuacha kovu, nywele hazioti tena hapo maisha yote. Nimeshapokea kliniki mtoto ambaye mapunye yenyewe yangepona bila kuacha alama. Kilichomwachia upara wa ukubwa wa kiganja ni tiba ya jirani. Mafuta ya taa yaingize kwenye kundi hilo hilo. Kitunguu saumu kibichi watu hukiona ni chakula tu, lakini kikifungiwa kwenye ngozi laini ya mtoto kwa saa kadhaa nacho huchoma hadi malengelenge. Mama mkwe wako ana nia njema, na kuna jambo moja amelipatia ambalo nitalifikia, ila kitunguu kibaki jikoni.

Sasa tuje kwa watoto. Kwa jinsi ulivyoeleza, nyumba yako ina magonjwa mawili, si moja. La kaka ni mapunye, ambayo Kenya wengi huyaita mashilingi. La mdogo wake karibu hakika si mapunye. Ni ule ukoko wa kichwani wa watoto wachanga, ambao hauambukizi mtu na mara nyingi huondoka wenyewe.

Niyatenganishe vizuri, maana mkanganyiko huu naukuta kila wiki. Mapunye hupenda watoto wa miaka 3 hadi 10 hivi, wale wanaocheza pamoja, wanaovaliana kofia na kulala kichwa kwa kichwa. Baka huwa na unga au magamba makavu ya kijivu, na ukitazama kwa karibu nywele zimekatika: nyingine zimebaki vishina vifupi, nyingine zimekatika pale pale zinapotokeza hata zinaonekana kama nukta nyeusi zilizochorwa kwa kalamu. Pitisha vidole nyuma ya shingo ya mwanao, chini kidogo ya kisogo. Ukikuta vitezi vidogo vimevimba kama punje za maharage, hiyo inaongeza uzito upande wa mapunye. Ukoko wa kichanga huanza ndani ya miezi mitatu ya kwanza, una mafuta, ni wa njano au kahawia, umegandamana kama nta, na nywele hazikatiki. Mtoto hana habari nao. Ananyonya, analala, anacheka. Anayesumbuka ni mama.

Kuna vitu vingine viwili vitatu vinavyofanana na mapunye. Baka la upara lililo laini kabisa kama shavu, bila unga wowote, si mapunye. Nywele zilizonyofoka pembeni mwa paji kwa msichana anayesukwa kwa kukazwa, tatizo ni msuko. Magamba mazito meupe yanayovuka mstari wa nywele na kushuka kwenye paji, huku viwiko na magoti navyo vikiwa hivyo hivyo, yanahitaji mtu wa ngozi ayatazame. Basi, turudi kwa kijana wako.

Swali lako kubwa ni kwa nini wiki 5 za tyubu hazikufaa. Fangasi wa mapunye wanakula keratini, ile protini inayojenga nywele, kucha na tabaka la juu la ngozi. Wakitua kichwani hawakai juu. Wanateremka kwenye tundu la unywele kuelekea mzizini, kisha wanauvamia unywele wenyewe. Ndiyo maana unakatika: unapotokeza nje tayari umeshaliwa. Dawa ya kupaka inaua walio juu ya ngozi. Walio chini tunduni haiwafikii. Unapaka, unga unapungua, unafurahi, na wao wanangoja uchoke. Kwenye choa cha mkononi au tumboni dawa ya kupaka inatosha kabisa, kwa sababu pale adui yuko juu. Kichwani inabidi dawa ipite mdomoni, iingie kwenye damu, ifike mzizini kwa kupitia chini.

Lipo jambo la pili kuhusu hiyo tyubu. Umesema inatulia halafu inarudi kubwa zaidi. Itafute uisome. Ukikuta betamethasoni au klobetasoli (kwenye boksi majina haya huandikwa Kiingereza, bila hiyo i ya mwisho), basi umekuwa ukipaka steroidi. Maduka yetu yamejaa krimu za mchanganyiko, ndani yake kuna dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali, zikiuzwa kama dawa ya kila kitu cha ngozi. Steroidi inazima muwasho na wekundu ndani ya siku mbili, kwa hiyo mteja anairudia. Lakini inazima pia ule ulinzi wa ngozi uliokuwa ukipambana na fangasi, nao wanatambaa kimya kimya. Sikulaumu, umepewa ukapaka. Ila iache leo.

Mwanao anahitaji vidonge, na vidonge hivyo visianzie duka la dawa. Mpeleke kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Kama kuna namna, fika hospitali ya mkoa uulizie kliniki ya ngozi. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992, na kazi yake mojawapo imekuwa kuwafundisha maafisa tabibu wawe wataalamu wa ngozi. Hawa wanaijua kazi hii vizuri, wakati mwingine kuliko madaktari wa jumla. Wenye maabara watakwangua magamba na kung'oa vishina viwili vitatu, waviweke kwenye tone la potasi na kutazama kwa hadubini. Haichukui muda na haitoi damu. Kuotesha fangasi maabara ndiko kunakochukua hata wiki 4, na hakuna haja ya mtoto kungoja majibu hayo ikiwa dalili ziko wazi kama ulivyozieleza. Taa ya zambarau inayofanya nywele zing'ae kijani nayo ipo mahali pengine, lakini isikudanganye: Trichophyton violaceum, mmoja wa fangasi wanaosababisha mapunye mengi Afrika Mashariki, hang'ai. Nywele zikikosa kung'aa haina maana kwamba mtoto ni mzima.

Dawa mbili ndizo zinazotumika zaidi. Ya kwanza ni griseofulvini. Ni ya zamani: iligunduliwa mwaka 1939 kutoka kwenye ukungu wa jamii ya penisilini, ikaanza kutibu fangasi wa binadamu kwa kumezwa mwaka 1958. Wanaoibeza kwa uzee wake wangejua kilichokuwepo kabla yake wangenyamaza. Kwa nusu nzima ya kwanza ya karne ya 20 watoto wa Ulaya na kwingineko walipigwa eksirei ya kichwa ili nywele zote zidondoke pamoja na fangasi, njia iliyosambazwa na daktari Raymond Sabouraud wa Paris. Israeli iliwapiga eksirei hiyo watoto wahamiaji kwa maelfu, na miaka mingi baadaye baadhi yao wakapata uvimbe wa ubongo na saratani ya tezi ya koo, hata nchi hiyo ikatunga sheria ya fidia mwaka 1994. Kwa hiyo kidonge cha griseofulvini, pamoja na wiki zake nyingi, nakiheshimu.

Kipimo chake huenda kwa uzito: miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo kwa siku, na wataalamu wengine hupanda hadi 25. Kwa kilo 16 maana yake ni miligramu 240 hadi 320, yaani kwa kawaida nusu ya kidonge cha 500, mara moja kwa siku. Nakupa hesabu hii ili ukipewa dozi uweze kuuliza, si ili ujiandikie. Naona sana watoto waliopewa dozi ndogo mno kwa siku 14, kisha mzazi anaambiwa mapunye ya mtoto ni sugu. Si sugu. Yalichokozwa tu. Dawa hii hujipanga ndani ya keratini mpya inayotengenezwa mzizini, halafu unywele safi unapokua unausukuma ule mgonjwa nje. Nywele hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi, hakuna namna ya kuziharakisha. Ndiyo maana dozi ni wiki 6 hadi 8, wakati mwingine zaidi, na ndiyo maana kuiacha wiki ya 3 kwa sababu muwasho umeisha ni kupoteza dawa na pesa.

Tena mpe pamoja na chakula chenye mafuta. Hili haliandikwi kwenye bahasha ya dawa, na bila hilo nyingi yake itapita tumboni bila kuingia mwilini. Si lazima nyama. Kikombe cha maziwa yasiyotolewa mafuta, yai la kukaanga, chapati, karanga za kusaga kwenye uji, maharage yaliyoungwa nazi, chochote kati ya hivyo. Akiumwa kichwa au tumbo kidogo siku za mwanzo, mara nyingi hupita. Jua kali linaweza kumsumbua ngozi kuliko kawaida, basi mtafutie kofia, yake peke yake.

Ya pili ni terbinafini. Kwa mtoto wa chini ya kilo 20 ni robo ya kidonge cha miligramu 250, mara moja kwa siku, kwa wiki 4 hivi. Ni fupi zaidi na inawafaa sana fangasi wa jamii ya Trichophyton. Kwa fangasi wa jamii nyingine, Microsporum, ambao mmoja wao hutoka kwa paka na mbwa, griseofulvini hushinda. Kwa hiyo daktari akikuuliza kama mna paka nyumbani hapigi soga. Kama mnaye na ana sehemu zilizonyonyoka manyoya, taja, na paka naye atazamwe na mtu wa mifugo. Mwambie pia kama mtoto aliwahi kuwa na homa ya ini au anatumia dawa nyingine yoyote. Akikuandikia ketokonazoli ya vidonge, uliza kwa adabu kama hakuna mbadala: tangu mwaka 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani ziliitoa kwenye matumizi ya aina hii kwa sababu ya ini.

Ketokonazoli ya shampuu ni habari nyingine, hiyo naipenda. Ya asilimia 2, au shampuu ya seleniamu salfaidi, mara 2 kwa wiki. Povu likae kichwani dakika 5 kisha suuza. Haiponyi mapunye peke yake, narudia, lakini inaua mbegu za fangasi zilizo juu, kwa hiyo mtoto anapunguza kuwagawia wenzake. Wewe, baba yao na yeyote mwingine anayelala humo ndani, ukiacha kichanga, mtumie pia kwa wiki kadhaa. Mtu mzima anaweza kubeba fangasi hao kichwani bila baka hata moja, hasa mama anayemlaza mtoto kifuani, na ndipo mtoto anapona, anaambukizwa upya, na lawama zinaenda shuleni.

Kuhusu kunyoa: hapa ndipo mama mkwe alipogusa ukweli. Nywele fupi zinarahisisha kuoshwa na kutazama maendeleo, kwa hiyo kwa mvulana akinyolewa si vibaya. Lakini kunyoa hakuponyi, na si lazima, na msichana asinyolewe kwa ajili hiyo tu akaenda kuaibika shuleni. Wembe usitumike, unakwaruza na kufungua njia ya usaha. Mashine ya kinyozi ndiyo yenye kesi kubwa zaidi. Ile spiriti wanayopangusa juu juu baada ya kila kichwa haifanyi kazi kama vipande vya nywele vimebaki kati ya meno ya mashine, na humo ndimo fangasi wanamosafiria. Lazima zipigwe brashi zitoke kwanza, ndipo dawa ipakwe. Mwombe kinyozi wako hivyo, au nunua mashine ndogo ya nyumbani. Kitana cha zamani kitupe, bei yake haifiki nauli ya kwenda hospitali. Foronya, taulo na kofia fua kwa maji ya moto na uanike juani.

Nikuonye mambo mawili yanayowatisha wazazi katikati ya matibabu. Wakati mwingine siku chache baada ya kuanza vidonge mtoto hutoka vipele vidogo vinavyowasha masikioni, shingoni, hata mwilini. Wengi hudhani ni mzio wa dawa, wanaiacha. Mara nyingi ni mwili tu unaoamka na kupambana na fangasi wanaokufa, na dawa inatakiwa kuendelea. Mwonyeshe mtaalamu akuhakikishie. Ila akivimba uso au midomo, akipumua kwa shida, au akipata homa na malengelenge, hapo simamisha dawa na ukimbie hospitali saa hiyo hiyo. La pili: baka linaweza kuvimba likawa bonge laini linalobonyea, linalotoa usaha na kuuma, mtoto akawa na homa. Linafanana na jipu kabisa, na kuna watu watataka kulipasua. Wasilipasue. Ni mapunye yaleyale, mwili umeyashambulia kwa hasira, na tiba yake bado ni vidonge vya fangasi, pengine na dawa ya bakteria juu yake. Hili lisingoje miadi ya wiki ijayo kwa sababu ndilo linaloacha makovu.

Tuje kwa kabinti. Huyu kazi yake ni ndogo. Mafuta ya ngozi yake yametoka kwa wingi, magamba yanaganda nayo, na hamira fulani zinazoishi kwenye ngozi ya kila mtu zinasherehekea. Si uchafu wako. Lakini nitakuuliza: ukimwogesha, utosi unauosha au unauruka? Mama wengi wanaogopa kugusa ile sehemu laini inayodunda, wanapitisha maji tu, na ukoko unajijenga hapo hapo. Chini ya ngozi ya utosi kuna utando mgumu kuliko unavyodhani. Kiganja na kitambaa laini haviwezi kuuumiza. Mpake mafuta mepesi ya watoto, au vaselini, yakae nusu saa magamba yalainike. Sugua taratibu kwa kitambaa au brashi laini, kisha osha kwa sabuni ya mtoto mpaka mafuta yote yatoke. Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Mafuta yakishinda kichwani mchana kutwa kwenye joto la Morogoro yanaongeza ukoko. Fanya hivyo kila siku au siku moja moja. Usibandue kwa kucha, hata kama mkono unawasha kufanya hivyo. Wengi hupona kabla ya kutimiza mwaka, wengi wao mapema zaidi.

Mlete yeye pia kliniki kama ukoko unapasuka na kutoa maji, kama anajisugua kichwa na kukosa usingizi, au kama wekundu umesambaa shingoni, makwapani na kwenye mapaja. Akiwa haongezeki uzito kwenye kadi, au anaharisha mara kwa mara, usikawie. Watamwangalia kinga yake, pamoja na kipimo cha VVU kama hakijafanyika. Na kwa kuwa kaka yake ana mapunye, mkague kila akioga: ukiona nywele zinakatika au duara lenye ukingo, basi nitakuwa nimekosea juu yake, na anahitaji kupimwa. Kichanga kuambukizwa ni nadra lakini hutokea. Kwa sasa mtandikie kando na kaka yake.

Mwalimu mwambie hivi: mtoto aliyekwishaanza vidonge na shampuu hana sababu ya kukaa nyumbani wiki 8. Anaweza kurudi darasani, asigawane kofia wala kitana. Akitaka kufanya la maana zaidi, awatazame vichwa watoto wanaokaa naye, kwa faragha, bila kuwasimamisha mbele ya wenzao, na awaite wazazi wao. Nakuhakikishia hatakosa wengine wawili watatu. Mwanao hakuyaanzisha.

Nywele zitarudi, ndiyo, kama hakuna sehemu iliyoungua au kupata bonge la usaha. Lakini usizitegemee wiki ya pili. Kwanza muwasho utaisha, kisha unga, kisha utaona vivuli vya nywele mpya, na kujaa kabisa kunaweza kuchukua miezi kadhaa. Piga picha ya kila baka siku ya kwanza, kisha kila baada ya wiki 2, mahali palepale penye mwanga, maana anayemwona mtoto kila siku haoni mabadiliko. Nenda na picha hizo siku ya kurudi kliniki, na usikubali dawa isimamishwe kabla mtu hajatazama tena kile kichwa kwa macho yake. Na hiyo tyubu, kabla hujaitupa, ichukue nayo ukawaonyeshe ni nini ulikuwa unapaka.